Boksi la matangazo linalonguruma: njia za sauti kwenye moduli ya simu

Swali limetoka kwa fundi redio wa Rungwe, mkoani Mbeya. Nimelifupisha kidogo.

"Shikamoo mwalimu. Wakulima wetu wa chai huku juu ya Tukuyu waliniomba niwatengenezee boksi la matangazo pale kwenye banda la kupimia majani mabichi. Karani anapiga simu, boksi linapokea lenyewe, sauti inatoka kwenye honi, watu wanajua gari la kiwanda linafika saa ngapi. Nimetumia SIM800L (moduli ndogo ya simu ya 2G), betri ya sola ya volti 12, bodi ya kushusha umeme ya LM2596 na ampu (kikuza sauti) ya honi ya gari. Linafanya kazi, ila kuna mlio wa 'trrrr' unaofunika maneno, na siku nyingine unazidi. Nimeweka pia maiki ya mkutano ili wakulima wamjibu karani, lakini yeye anasema hasikii kitu. Nimenunua moduli ya 4G nikidhani itakuwa dawa, nakuta haina pini za maiki wala spika, ina PCM_CLK, PCM_SYNC, PCM_IN na PCM_OUT. Nifanyeje? Ndaga fijo (asante sana)."

Marahaba, fundi. Hongera kwanza kwa kazi hiyo. Mkulima aliyechuma asubuhi akakaa hadi jioni bila kujua gari liko wapi anaona majani yakimnyaukia kikapuni, na tangazo la nusu dakika linamwokolea siku nzima. Kwa hiyo inafaa lisikike vizuri.

Moduli ya 4G iweke kando kwanza, wala SIM800L usiitupe. Nimeangalia picha ulizotuma. Naona moduli yako haina ubovu wowote. Shida iko kwenye waya ulizoizungushia.

Huo mlio una chanzo kinachojulikana. Simu ya 2G haitumi mawimbi mfululizo. Muda umegawanywa katika fremu za milisekunde 4.615, kila fremu ina nafasi nane, na moduli yako inapewa nafasi moja tu ya maikrosekunde 577. Zamu yake ikifika inarusha mawimbi kwa nguvu, ikipita inakata, halafu inarudia kwenye fremu inayofuata. Ukihesabu ni kama mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe ya megahezi 900 sikio haliyapati, ila huko kuwaka na kuzima mara 217 sikio linakupata vizuri sana. Ni ile ile inayosikika redioni mtu akiweka simu karibu, sekunde chache kabla haijaita.

Na kila moduli inapowaka inafyonza umeme kwa kishindo, hadi ampia 2, kisha inashuka tena. Kwa hiyo kuna vitu viwili vinavyogonga mara 217 kwa sekunde: mawimbi hewani, na mkondo kwenye waya wa betri. Cha kwanza kinaingia kwenye ampu kupitia hewa, cha pili kinapita kwenye waya. Dawa zake ni tofauti kabisa, na mafundi wengi wanapoteza pesa kwa kutibu njia isiyo yenyewe. Wananunua ampu nyingine, wanabadilisha spika, wanafunga karatasi ya alumini, na mlio unabaki pale pale.

Pima hivi. Piga simu kwenye boksi, mwenye simu akae kimya, usikilize mlio. Chomoa waya mbili za sauti kwenye ampu, kisha gusanisha zile nukta mbili za kuingizia sauti kwa kipande kifupi cha waya. Mlio ukikatika, ujue ulikuwa unaletwa na waya za sauti. Ukibaki, ipe ampu betri yake peke yake, hata ya pikipiki, ukiwa hujagusa kingine. Ukikatika hapo, ulikuwa unapita kwenye waya wa umeme. Ukibaki hata hapo, unaingia kwa hewa. Ni kazi ya dakika chache na haikugharimu kitu.

Kwako nategemea utakatika kwenye hatua ya kwanza, na sababu inaonekana kwenye picha. LM2596 umeifunga karibu na betri, kisha umevuta waya mwembamba wa alamu, kama mita moja, hadi kwenye moduli. Waya wa namna hiyo wa milimita za mraba 0.22 una ukinzani wa karibu omu 0.08 kwa mita. Zidisha kwa ampia 2: unapata volti 0.16. Maana yake, kila moduli inapowaka, hasi iliyoko kwenye moduli inaruka juu ya hasi ya betri kwa volti 0.16, kisha inarudi, mara 217 kwa sekunde. Ampu yako imeshika hasi ya betri moja kwa moja. Kwa hiyo inaposikiliza sauti kutoka kwenye moduli, inaisikia ikiwa imepanda juu ya huo mruko. Maneno ya karani yenyewe yanatoka yakiwa sehemu chache za kumi za volti. Mlio wenye ukubwa huo lazima uyafunike. Ni kama mfereji mmoja unaonywesha mashamba mawili: wa juu akifungua maji kwa fujo, wa chini anaona kwake yanapanda na kushuka bila yeye kugusa kitu.

Hamisha LM2596, ikae sentimita chache tu kutoka kwenye moduli. Kutoka kwenye betri hadi kwenye LM2596 tumia waya mnene, milimita za mraba 1.5 zinatosha kabisa. Rekebisha volti iwe 4.0, kwa sababu SIM800L inataka kati ya 3.4 na 4.4, na juu ya hapo unaiua. Kisha weka kapasita ya maikrofaradi 1000 kwenye miguu ya umeme ya moduli yenyewe, pale pale, maana kapasita iliyowekwa mwanzoni mwa waya haisaidii kitu mwisho wa waya. Nimeona boksi nyingi zenye kapasita nzuri iliyokaa mahali pasipofaa.

Sasa njoo kwenye waya wenyewe wa sauti. Moduli yako ina SPK+ na SPK−. Ile alama ya kutoa imekudanganya. SPK− sio graundi. Ni waya wa sauti kama mwenzake, tofauti yake ni kwamba huu ukipanda ule unashuka. Sauti ya kweli ni tofauti kati ya waya hizo mbili, na kelele inayozipata zote mbili kwa pamoja inajifuta yenyewe ukichukua tofauti. Ndivyo waliounda moduli walivyokusudia, na maiki nayo iko hivyo hivyo: MIC+ na MIC−. Wewe umeuchukua SPK− ukaufunga kwenye hasi ya ampu. Hapo umefanya makosa mawili kwa waya mmoja. Umepiga shoti nusu ya kitoa sauti cha moduli, ndiyo maana sauti ni ya kukwaruza hata mlio ukitulia kidogo. Na umeitupa ile kinga ya kelele kujifuta.

Ampu ya honi ya gari ina waya mmoja wa sauti na graundi, haina mahali pa kupokea jozi. Ungekuwa na ampu inayopokea jozi, kama PAM8302, ungefunga + kwa + na − kwa − ukamaliza. Kwa hiyo ya kwako tafuta transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600. Madukani inaweza kukusumbua kupata, lakini iko ndani ya modemu za zamani za kupiga simu kwa kompyuta na ndani ya mashine za faksi zilizokufa. Pita kwa mafundi wa Mwanjelwa, pale Mbeya mjini, wanaouza bodi chakavu, uliza bodi ya faksi. Upande mmoja wa transfoma funga SPK+ na SPK−, ukipitisha kapasita ya maikrofaradi 10 kwenye mmoja wao, na usiguse graundi. Upande wa pili peleka kwenye ampu, mguu mmoja kwenye sauti, mwingine kwenye graundi ya ampu. Transfoma inabeba tofauti tu. Ule mruko wa hasi hauna tena njia ya kuvuka. Kitu kidogo hiki nakipenda sana, kwa sababu kinatibu hata pale ambapo waya wa umeme haujakaa sawasawa.

Ukishafunga hivyo, panga upya ukubwa wa sauti. Wengi wanaacha moduli chini na kufungua ampu hadi mwisho, na hapo kila kelele ndogo inakuzwa. Fanya kinyume: itumie moduli amri ya ukubwa wa sauti, AT+CLVL=80, kisha kitasa cha ampu kishushe mpaka maneno yatoshe banda.

Kuhusu siku ambazo mlio unazidi. Mnara ndio unaoiamuru moduli irushe kwa nguvu kiasi gani. Mnara ukiwa karibu, moduli inanong'ona. Mnara ukiwa nyuma ya kilima, inapiga kelele hadi wati 2 kwenye megahezi 900. Huko kwenu kwenye mabonde banda moja linauona mnara na banda la jirani halioni, na mnara wa karibu ukizimika moduli inashika wa mbali na kupanda hadi mwisho. Andika AT+CSQ, amri ya kupima nguvu ya mtandao, uone namba ya kwanza. Inaanzia 0 hadi 31, na 99 ni kwamba haijulikani. Kila hatua ni desibeli 2. Ukiona chini ya 10, acha ile antena ya springi iliyokuja na moduli. Weka antena ya nje juu ya paa yenye kebo ya mita tatu hadi tano. Unapata faida mbili kwa mpigo: moduli inashusha nguvu, na ile nguvu inayobaki inarushwa mbali na waya za sauti. Ila usiifunge kwenye nguzo ile ile yenye waya wa honi. Na kwa mvua na radi za Rungwe, nguzo iende ardhini kwa waya wa shaba, na weka kikinga radi kwenye kebo ya antena kabla haijaingia bandani. Hilo silisemi kwa mazoea. Banda lina watu.

Maiki sasa. Umetumia maiki ya mkutano, ile ya koili na sumaku. Moduli haikuundwa kwa ajili yake. MIC+ na MIC− zinatoa volti moja na ushee ili kulisha maiki ya elektreti, zile ndogo za duara zinazokaa kwenye simu. Ndani yake kuna transista inayohitaji umeme huo. Maiki ya koili haihitaji, tena koili yake inaufupisha umeme huo karibu na sifuri, na sauti yake yenyewe ni dhaifu mara nyingi kuliko ya elektreti. Karani hawezi kusikia.

Nunua kapsuli ya elektreti, ni bei ndogo. Igeuze uangalie mgongoni: mguu ulioshikana na ganda la bati ndio hasi, huo uende MIC−. Ukiwa kwenye simu, pima kwa mita kati ya miguu miwili. Ukipata sifuri kuna shoti. Ukipata volti na bado karani hasikii, jaribu kugeuza miguu. Kisha angalia AT+CMUT? isije ikawa maiki imefungwa kwa amri, na panga ukuzaji wa maiki kwa AT+CMIC=0,10 kama kianzio. Namba ya pili inakwenda hadi 15, lakini 15 inakuletea mwangwi.

Waya wa maiki ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye boksi zima, kwa sababu ishara yake ni ya milivolti. Sokota waya mbili pamoja, tumia kebo yenye wavu, na wavu ufungwe upande mmoja tu, kwenye moduli. Pale kwenye kapsuli yenyewe weka kapasita mbili sambamba, pikofaradi 33 na pikofaradi 10. Ni ndogo hivyo kwa makusudi: ya 33 inafupisha mawimbi ya megahezi 900, ya 10 inafupisha ya 1800, na sauti ya mtu haiguswi. Ziwe zile za kubandika, bila miguu. Za miguu mirefu hazifanyi kazi hiyo, kwa sababu mguu wenyewe unabadilisha masafa ambayo kapasita inayafupisha.

Halafu honi na maiki zikiwa kwenye banda moja, karani atajisikia mwenyewe akirudi. Usipigane na mwangwi kwa kurekebisha namba. Weka kitufe cha kubonyeza ili kuongea: kikibonyezwa kinakata ampu na kutuma AT+CMUT=0 inayofungulia maiki, kikiachwa kinarudisha ampu na kutuma AT+CMUT=1 inayoizima. Wakulima watazoea siku ya kwanza.

Tuje kwenye moduli yako ya 4G. Zile pini nne zinabeba sauti pia, ila kwa namba. Moduli inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kina biti 16. PCM_SYNC inapiga mara 8,000 kwa sekunde kusema "kipimo kipya kinaanza". PCM_CLK ndiyo saa ya kuhesabia biti. Moduli nyingi za aina hii, kama EC25 ya Quectel na SIM7600 ya SIMCom, zinaiendesha kwa kilohezi 2,048. Gawanya 2,048,000 kwa 8,000, unapata nafasi za biti 256 kwa kila kipimo, na sauti yako inatumia 16 tu kati ya hizo. PCM_OUT inatoka kwenye moduli, PCM_IN inaingia. Majina yameandikwa kwa macho ya moduli, kwa hiyo PCM_OUT inaenda kwenye mguu wa kuingizia wa chipu ya upande wa pili.

Na chipu hiyo lazima iwepo. Inaitwa kodeki, ndiyo inayogeuza namba kuwa sauti na sauti kuwa namba. NAU8810 na ALC5616 ni kati ya zinazotumika sana. Mbali na waya nne, kodeki inahitaji waya mbili za I2C za kuipangia kazi, na kwenye EC25 moduli yenyewe inaipangia ukiitajia kodeki uliyofunga: AT+QDAI=3 ni ya ALC5616. Ukishatuma amri hiyo izime na kuiwasha upya. Pini hizi zote zinatumia volti 1.8. Ukizigusisha na Arduino ya volti 5 umeiua moduli, na haifufuki. PCM_CLK nayo ni kasi, kwa hiyo waya ziwe fupi sana, na watengenezaji wanashauri kuacha nafasi ya rizista ya omu 22 na kapasita ya pikofaradi 22 kwenye njia hizo. Kwenye bodi ya kuchomeka waya za majaribio utapata mikwaruzo tu. Usiichanganye PCM na I2S, mfumo mwingine wa kupeleka sauti kwa namba. Zinafanana kwa waya, lakini mpangilio wa biti ndani ya fremu sio mmoja, na ampu iliyopangwa kwa I2S ukiiunganisha hapo bila kubadilisha mpangilio itakutolea makelele.

Faida ya PCM ni ya kweli: kati ya moduli na kodeki, ule mruko wa volti 0.16 hauharibu kitu, kwa sababu moja na sifuri zinabaki moja na sifuri. Lakini ukishavuka kodeki unarudi kwenye sauti ya kawaida, na sheria zote za hapo juu zinarudi nazo.

Kabla hujaweka senti nyingine, hakikisha mambo mawili. Moduli hizi nyingi zina toleo la data tu, lisilopiga simu kabisa hata kama pini za PCM zimechorwa kwenye ramani. Soma namba kamili iliyo juu ya bati, ulinganishe na karatasi ya mtengenezaji, au jaribu amri ya kupiga simu, ATD na namba yako ikifuatiwa na nukta-mkato. Ikikataa kuita, ndiyo hiyo. La pili, laini ikiwa haina huduma ya simu juu ya 4G, moduli inashuka hadi 3G au 2G kila simu inapoingia. Simu ikiwa hewani andika AT+COPS? na uangalie namba ya mwisho: 7 ni 4G, 2 ni 3G, 0 ni 2G. Ukiona 0, ule mlio wa 217 uko nawe vile vile, na moduli yako ya bei hiyo inawaka na kuzima kama SIM800L. Kwenye 3G mawimbi yanakwenda mfululizo, mlio huo haupo.

Ushauri wangu kwa banda la chai: baki na SIM800L, funga transfoma, hamisha LM2596, pandisha antena. Simu ya kawaida inabeba sauti kutoka hezi 300 hadi 3,400, na honi yako haitoi vizuri zaidi ya hapo, kwa hiyo sauti pana ya 4G ungeilipia bila kuisikia. Siku ukihitaji 4G kweli, nunua bodi ambayo kodeki imeshafungwa na ina tundu la maiki na spika, usinunue moduli tupu.

Bado kuna hatari moja kwenye programu yako. Umetumia ATS0=1, yaani boksi linampokea yeyote anayepiga. Mtu akikosea namba, au mwenye nia mbaya akiijua, anatangaza kwenye honi ya ushirika. Ondoa kwa ATS0=0, washa AT+CLIP=1, na kila simu inapoita utaona mstari wenye namba ya mpigaji. Linganisha tarakimu tisa za mwisho na za karani na mwenyekiti, maana wakati mwingine namba inakuja na +255 na wakati mwingine na sifuri. Ikilingana tuma ATA ili ipokee, isipolingana tuma ATH ili ikate.